Neema ya Bure na Deni la Jirani

Swali hili halikomi Nyeri. Huulizwa kwenye mafunzo ya Biblia, kwenye redio za lugha ya Gikuyu, na njiani watu wanapotoka mazishini: ikiwa Mungu anasamehe bure, mtenda mema amepata nini? Mama aliyefagia kanisa miaka nenda miaka rudi anaahidiwa mbingu. Mnyang'anyi aliyetubu akiwa hoi kitandani naye anaahidiwa mbingu hiyohiyo. Mhubiri mmoja husema huo ndio uzuri wa Injili. Mwingine huonya kwamba hakuna atakayekwepa malipo ya matendo yake. Wa tatu hutaka sadaka kwanza. Muumini anabaki njia panda.

Wanaotatizwa na jambo hili si wajinga, wala hawatapona kwa kuambiwa waamini tu. Mkanganyiko wenyewe una historia na sababu, na kila jibu lina gharama yake. Makala haya yanaeleza ulikotoka, yanapanga misimamo minne inayosikika zaidi katika makanisa ya eneo la Mlima Kenya, kisha yanaipima kwa jambo lililotokea hapa hapa: vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa kikoloni na mashamba yaliyobadilisha wenyewe.

Swali lilikotoka

Mjadala huu una zaidi ya miaka 1,600. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagius, mwalimu kutoka Uingereza aliyeishi Roma, alifundisha kwamba binadamu ana uwezo wa kuchagua mema, na kwamba Mungu hawezi kuamuru jambo lisilowezekana. Augustine, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alimpinga vikali. Kwake yeye, hata ile hamu ya kumtafuta Mungu ni zawadi ya Mungu. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika ya Kaskazini walikutana Carthage wakamkataa Pelagius.

Ushindi wa Augustine haukumaliza tatizo, kwa sababu hofu ya Pelagius ilikuwa na msingi. Watu walikuwa wamejifunza kuitumia neema kama kisingizio. Kaisari Konstantino aliulinda Ukristo kwa miaka mingi, lakini alibatizwa mwaka 337 akiwa anakufa. Wengi wa karne hiyo walifanya vivyo hivyo, wakiahirisha ubatizo ili dhambi zote zioshwe kwa mara moja. Mwaka 1517 Martin Luther aliliamsha tena swali hilo Ujerumani alipopinga biashara ya rehema, yaani vyeti vya kuondolewa adhabu ya dhambi, na mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ukatoa jibu la Kanisa Katoliki. Mgawanyiko huo ndio uliofika Nyeri ukiwa tayari umeiva. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902, wakajenga makao yao Mathari. Wapresbiteri wa Scotland nao wakafungua misheni ya Tumutumu, karibu na Karatina.

Wote waliwakuta watu wenye mizani yao ya haki. Kwa Wagikuyu, kosa halikuisha kwa maneno matupu. Mtu akiua, kiama cha wazee kiliketi, ukoo wa muuaji ukalipa mifugo kwa ukoo wa marehemu, ndipo amani ikarudi. Msamaha bila fidia ulikuwa jambo geni. Hapo ndipo penye mzizi wa utata tunaousikia hadi leo: watu waliozoea kwamba aliyekosewa ndiye wa kwanza kutulizwa waliletewa habari ya Mungu anayesamehe kabla aliyekosewa hajaulizwa.

Mfano unaowaudhi wachapakazi

Hakuna fungu la Biblia linalogusa jambo hili kama mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo. Msomaji wa Nyeri hahitaji kwenda Palestina ili auelewe. Msimu mkuu wa kahawa unapofika, Oktoba hadi Desemba, vibarua huchuma buni na kulipwa kwa debe. Kabla ya kupimwa, buni humwagwa chini, mbichi na zilizokauka zikachambuliwa, zikabaki nyekundu tu. Karani anaandika, na mtu anajua madebe yake. Sasa fikiria mwenye shamba anayempa aliyefika saa kumi na moja jioni, mwenye nusu debe, malipo yaleyale ya aliyeanza na umande. Siku hiyo kungezuka vurugu mbele ya mizani.

Katika mfano huo, mwenye shamba anajitetea kwa mambo mawili. Kwanza, mkataba wa wa asubuhi haukuvunjwa: walikubaliana dinari moja, ujira wa kawaida wa siku, nao wameipata. Pili, fedha ni zake na ana uhuru wa kuwa mkarimu. Lakini kuna jambo la tatu ambalo wahubiri wengi hulipita. Wale wa jioni walipoulizwa kwa nini walisimama bure kutwa nzima, walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Walikuwa wamekosa nafasi, wala hawakuwa wavivu. Na dinari ilikuwa chakula cha siku cha familia, kwa hiyo kuikata vipande kungewalaza watoto njaa.

Mfano huu basi unaweka haki za aina mbili mbele yetu. Iko haki ya kumpa mtu kadiri ya kazi yake, na iko haki ya kumpa mtu kadiri ya hitaji lake. Hakuna aliyepunjwa katika shamba lile. Hata hivyo mfano unaacha swali moja wazi: kesho yake, nani atafika alfajiri?

Msimamo wa kwanza: wokovu ni kazi ya Mungu peke yake

Huu ni urithi wa Tumutumu na wa Wapresbiteri kwa jumla, uliotoka kwa Augustine ukapitia kwa John Calvin hadi Ungamo la Westminster la karne ya 17. Binadamu ameanguka kiasi kwamba hana cha kumdai Mungu. Kama haki ingetendeka kikamilifu, hakuna ambaye angesimama. Kwa hiyo anayeokolewa ameonewa huruma, na asiyeokolewa hakudhulumiwa.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unakata majivuno. Mzee wa kanisa na mlevi wa sokoni wanasimama mstari mmoja. Pia unampa muumini utulivu, kwa kuwa wokovu wake hautegemei kupanda na kushuka kwa moyo wake.

Udhaifu wake uko pande mbili. Kwanza, fundisho la kuchaguliwa tangu awali humwacha mtu akiuliza kosa la yule asiyechaguliwa, na jibu la kwamba hiyo ni siri ya Mungu halimtoshi anayelia. Pili, kanisa linalohubiri neema isiyo na masharti hulazimika hata hivyo kuamua nani akae mezani pa Bwana. Mwaka 1929 misheni za Scotland ziliwataka washirika waape kwa sahihi au kidole gumba, kirore, kwamba wameacha tohara ya wasichana. Waliokataa walitengwa, na wengi wakaondoka kujenga shule na makanisa huru. Nia ya kuwalinda wasichana ilikuwa njema, na Kenya yenyewe ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini kwa Mgikuyu wa 1929, zawadi iliyotangazwa kuwa ya bure ilikuwa imewekewa alama ya kidole mlangoni.

Msimamo wa pili: neema humwita binadamu ashirikiane nayo

Kanisa Katoliki, lililo na mizizi mirefu Nyeri, linafundisha kwamba neema ndiyo inayotangulia, lakini haimburuti mtu. Humwezesha aitikie, na mwitikio huo una thamani mbele za Mungu. Dhambi ikishasamehewa, madhara yake yanabaki na yanahitaji kutengenezwa, ndiyo maana kuna kitubio baada ya maungamo na toharani baada ya kifo.

Mfano mzuri wa msimamo huu ni Sista Irene Stefani, Mkonsolata aliyefika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwahudumia wapagazi wa Kiafrika katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Watu hao walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita visivyo vyao, na wengi aliwabatiza wakiwa taabani. Hao ndio vibarua wa saa ya mwisho hasa, na hakuna mwenye moyo atakayesema wamependelewa. Baadaye alihudumu Gikondi, ambako watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata akimuuguza mgonjwa, na akatangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Aliwapa wengine bila kudai, na mwenyewe alifanya kazi hadi ikamgharimu uhai.

Nguvu ya msimamo huu ni kutambua kwamba msamaha haufuti madhara. Mama anayefagia kanisa hapotezi muda, kwa sababu upendo wake una uzito. Udhaifu wake ni rahisi kuuona: mtu akianza kuhesabu, hugeuza sala na sadaka kuwa daftari la duka. Biashara ya rehema iliyomkasirisha Luther ilizaliwa hapo.

Ni vizuri kukumbuka kwamba pande hizi mbili zimesogeleana sana. Tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja mjini Augsburg, wakikubaliana kwamba mtu hupokewa na Mungu kwa neema tu wala si kwa mastahili yake, na kwamba neema hiyo humtia nguvu ya kutenda mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na ushirika wa kimataifa wa makanisa ya Kirefomati mwaka 2017. Waumini wengi wanaozozana vijijini hawajawahi kusomewa tamko hilo.

Msimamo wa tatu: aliyeokoka hurudisha

Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza kuchipuka mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe, Kampala. Ukashika moto Gahini, Rwanda, na kufikia mwaka 1937 ulikuwa umeingia Kenya. Ndugu wa uamsho, wanaotambulika kwa wimbo wao wa Tukutendereza, walihubiri msalaba kwa ukali: umesamehewa bure, basi tembea nuruni. Aliyeokoka alisimama mbele ya wenzake, akaitaja dhambi yake kwa jina, kisha akaenda kwa mtu aliyekosewa naye. Jembe lililoibwa lilirudishwa kwa mwenyewe, na deni lililokanwa likalipwa.

Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Wapo waliouawa kwa msimamo huo. Ushuhuda wao ulitoka kwa watu waliochukiwa na pande zote mbili, na hilo liliupa uzito.

Nguvu ya uamsho ni kwamba uliziunganisha neema na fidia bila kuzichanganya. Kurudisha hakukununua msamaha, kulithibitisha kwamba umepokewa. Kwa Mgikuyu hili lilieleweka mara moja, kwa kuwa liligusana na hekima ya kiama. Udhaifu wake ni kwamba maungamo ya hadharani yaliweza kuwaaibisha watu ambao hawakuomba kutajwa, hasa wanawake. Na ndugu waliokwisha okoka waliweza kugeuka mahakimu wa wenzao, wakipima wokovu wa mtu kwa mavazi na maneno yake.

Msimamo wa nne: panda mbegu, uvune baraka

Huu ni mgeni kuliko mingine, lakini ndio unaovuma kwenye mahema na vipaza sauti vya mijini. Mungu ana baraka tele, na muumini huzifungua kwa imani na kwa kutoa. Anayetoa mbegu kubwa atarajie mavuno makubwa.

Mvuto wake usidharauliwe. Kijana wa Karatina asiye na kazi, aliyechoka kuambiwa avumilie, husikia kwamba Mungu anajali kodi ya nyumba na karo. Watu wameacha pombe na kuanzisha biashara kwa nguvu ya ujumbe huo. Lakini kwa swali letu, msimamo huu una kasoro ya msingi: unaiondoa zawadi na kuweka mauzo mahali pake. Maskini aliyetoa na asipate huambiwa imani yake ni haba, na mdhulumu aliyetajirika huonekana kuwa ndiye aliyebarikiwa. Hapo neema na haki hupotea kwa pamoja.

Jaribio la Nyeri: barua na hati

Hoja hupimwa zinapokutana na damu na udongo. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, mzaliwa wa Tetu aliyesoma Tumutumu, alikamatwa pembezoni mwa msitu tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa mjini Nyeri, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku moja kabla ya kifo alimwandikia barua Padre Marino wa misheni ya Kikatoliki Nyeri. Ni barua ya mtu aliyejiweka tayari kukutana na Mungu, bila woga. Kwa wengine, huyo ni shujaa aliyepata neema ya saa ya mwisho. Kwa familia zilizopoteza watu mikononi mwa wapiganaji wa msituni, ni habari nzito kuimeza. Na kwa wajane wa watu zaidi ya 1,000 walionyongwa na serikali ya kikoloni katika vita hivyo, swali linageuzwa: mahomgadi, yaani walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali, na maafisa waliotubu vitandani mwao nao wako mbinguni?

Lakini barua hiyo ina jambo jingine ambalo huachwa. Kimathi hakuandika habari za mbinguni tu. Alimtaja mkewe Mukami, aliyekuwa kizuizini, na akaomba mwanawe asaidiwe kupata shule. Mtu aliyeamini kwamba amesamehewa hakuona kwamba majukumu yake ya duniani yamefutwa.

Upande wa pili wa jaribio ni ardhi. Kuanzia mwaka 1954, kwa Mpango wa Swynnerton wa serikali ya kikoloni, vipande vya mashamba katika Mkoa wa Kati viliunganishwa na kupimwa upya, maelfu ya wanaume wakiwa vizuizini au msituni. Waliobaki vijijini na kupatana na serikali walikuwa na sauti wakati wa kugawa, na wengi waliorudi kutoka vizuizini walikuta mashamba yao yamepungua au yameliwa. Kisha sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ikaweka, katika kifungu cha 143, kwamba usajili wa kwanza hauwezi kubatilishwa na mahakama hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Mwaka huohuo, tarehe 12 Agosti, Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi Nakuru akihimiza kusamehe na kusahau.

Sababu za kifungu hicho na za wito huo zinaeleweka. Kufungua kila mpaka upya kungeweza kuviwasha tena vita vya ndugu kwa ndugu, na nchi changa ilihitaji hati zinazoaminika. Amani ilipatikana kweli, na si jambo dogo. Lakini gharama yake ililipwa na watu wa upande mmoja. Waliotakiwa kusamehe ni walionyang'anywa, na walionyang'anya hawakutakiwa kurudisha chochote. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, baada ya Katiba ya 2010 kutamka katika ibara ya 40 kwamba haki ya kumiliki mali haimlindi aliyeipata kinyume cha sheria.

Uingereza nayo ilichelewa kulipa deni lake. Tarehe 6 Juni 2013 serikali yake ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa, bila kukiri wajibu wa kisheria. Hata baada ya hapo, Mukami Kimathi aliaga dunia Mei 2023 kabla ya kaburi la mumewe kujulikana.

Kupima hoja

Vipimo vitatu vinatosha. Je, msimamo unauheshimu uhuru wa Mungu wa kuhurumia? Je, unampa aliyekosewa nafasi ya kusikika? Je, unamsukuma mtu atende mema?

Msimamo wa kwanza unashinda katika kipimo cha kwanza lakini unalegea katika cha pili: mazungumzo yanabaki kati ya Mungu na mkosaji. Wa pili unafanya vizuri katika cha pili na cha tatu, mradi usigeuke hesabu. Wa tatu unapita vyote vitatu, mradi usigeuke mahakama ya kijiji. Wa nne unaonekana kupita cha tatu, ila unaanguka katika viwili vya mwanzo.

Kosa linalozaa mkanganyiko wote ni kuunganisha madeni mawili kuwa moja. Mtu akimdhulumu jirani, ana deni kwa Mungu na ana deni kwa jirani. Deni la Mungu halilipiki, kwa hiyo Mungu hulisamehe bure. Deni la jirani lina kipimo chake, mara nyingi kwa hatua, kwa mifugo au kwa shilingi, na dawa ya deni ni kulipa. Msamaha wa Mungu haumpi mtu ruhusa ya kutumia mali ya mwenzake.

Biblia yenyewe inaweka watu wawili sambamba. Mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu alipewa paradiso siku hiyohiyo. Hakuwa na shamba la kurudisha wala siku ya kulirudisha. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alikuwa na mali na muda, akasimama akaahidi kurudisha mara nne. Wote wawili waliokolewa kwa neema ileile. Tofauti yao ni nafasi waliyokuwa nayo. Na Paulo, alipomwombea mtumwa Onesimo kwa Filemoni, hakusema deni halipo, alisema aandikiwe yeye. Neema ya kweli huwa na mtu anayebeba gharama. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na Wanazi tarehe 9 Aprili 1945, aliandika mwaka 1937 kwamba adui mkubwa wa kanisa ni neema inayogawiwa kwa bei rahisi, bila toba na bila kufuata.

Je, mtenda mema basi amepunjwa? Hapana. Ahadi yake iko palepale, na miaka aliyoishi bila kumliza jirani ni faida ambayo mwenye kutubu jioni hataipata kamwe. Mwenye haki ya kulalamika ni aliyedhulumiwa, naye analalamikia watu waliotumia neema kumnyamazisha. Mungu hakumdhulumu.

Kwa ufupi

Neema ya Mungu haivunji haki, kwa sababu inatoa kilicho chake mwenyewe. Haki huvunjwa pale mtu anapotoa msamaha wa kitu kisicho chake, awe mhubiri au mwanasiasa. Msimamo wa Wapresbiteri unatukumbusha kwamba hakuna anayestahili, wa Wakatoliki kwamba madhara yanabaki, na wa ndugu wa uamsho kwamba aliyesamehewa hurudisha. Ikifundishwa pamoja, utata mwingi utaisha.

Makanisa ya Nyeri yana wazee, maparoko na kamati za kutosha kulifanya hili kazi ya kawaida: kumuuliza kila anayetubu amemkosea nani, na kumsindikiza hadi kwa mtu huyo. Warithi wa mali yenye doa nao waulizwe, kwa maana aliyerithi shamba amerithi na deni lake. Na wewe msomaji, kama unacho cha mwenzako na bado una pumzi, huna udhuru wa yule mwizi wa msalabani. Rudisha.